Aliyeomba mwili wa Yesu

Leo, Jumapili ya Matawi, makanisani mwetu inasomwa Injili ya Mateso kadiri ya Mathayo. Ni ndefu. Wazee wanakaa, watoto wanasinzia, na tukishapiga magoti pale Bwana anapokata roho, wengi wetu masikio yamechoka. Kwa hiyo kipande kinachofuata hupita bila kusikika. Jioni ile mtu mmoja tajiri wa Arimathaya, jina lake Yusufu, anamwendea Pilato kuomba mwili wa Yesu. Pilato anaamuru apewe. Yusufu anauzungushia sanda safi, anaulaza katika kaburi jipya alilokuwa amejichongea mwenyewe, anavingirisha jiwe mlangoni, anakwenda zake.

Naomba, ndugu msomaji, tukae hapo kidogo. Mwili wa Mkombozi wetu ulikuwa mikononi mwa wenye mamlaka. Wanawake waliomfuata kutoka Galilaya walikuwepo, wanatazama kwa mbali, lakini hawakuwa na uwezo wa kuutoa. Mitume walikuwa wamekimbia. Ilibidi mtu mwenye mali na jina mjini aende ofisini akaombe. Na Pilato, ambaye kila Jumapili tunamtaja katika Kanuni ya Imani wala si kwa wema wake, aliutoa. Mathayo hasemi kwamba alidai chochote.

Kwa nini nayaleta haya katika safu ambayo wiki iliyopita ilikuwa inazungumzia gharama za matibabu? Kwa sababu mwili unaozuiwa si habari ya zamani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja ya mjini. Jumamosi moja ya Kwaresima walinijia ofisini mama mmoja na wanawe wawili, pamoja na mwenyekiti wa jumuiya yao.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Karibuni, mama, kaeni."

Hakukaa. Alisema mumewe amefariki Jumatano. Kaburi limechimbwa kijijini, ndugu wamefika kutoka mbali na sasa wameanza kuulizana nauli ya kurudi, lakini mwili hautoki. Marehemu alilazwa siku 19, akafanyiwa upasuaji, bili ikafika shilingi 1,640,000. Walikuwa wamelipa 450,000, walizozipata kwa kuuza mbuzi na kukopa kwenye vikoba mgonjwa akiwa bado hai. Na kila siku mwili unapolala mochwari, deni linaongezeka.

Nikamuuliza ni hospitali gani. Akanitajia. Ilikuwa hospitali yetu, maana yake ya Kanisa. Sitaitaja, kwa sababu kwa haki ningelazimika kutaja na nyingine nyingi zinazofanya vivyo hivyo, za dini na zisizo za dini.

Nilikwenda. Juu ya dirisha la malipo palikuwa na sanamu ya Msulubiwa, na chini yake karatasi iliyobandikwa ikiwataka wagonjwa walipe kwanza ndipo wahudumiwe. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi kuwapaka wagonjwa mafuta, sikuwahi kuviona vitu hivyo viwili kwa pamoja. Nikaingia kwa sista anayesimamia hospitali nikiwa nimepandisha hasira, tayari kumhubiria.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili nene la wadaiwa, akaliweka mezani. Wauguzi walikuwa hawajalipwa miezi miwili. Msambazaji wa dawa alikuwa amegoma kuleta shehena mpaka alipwe ya nyuma. Fedha za bima zilikuwa zinachelewa, na zikija zimekatwa. "Baba," akaniambia taratibu, "ninyi mapadri mnatuletea maskini, lakini bili zao hamzileti."

Sikuwa na jibu. Na kilichonifunga mdomo zaidi ni kwamba kwenye droo ya meza yangu parokiani nilikuwa nimeacha daftari la harambee. Kwa Jumapili mbili tulikuwa tumechanga shilingi 3,200,000 kwa ajili ya kuchonga Msulubiwa mkubwa wa mbao za mninga, wa kutundikwa nyuma ya altare kabla ya Pasaka. Waamini walikuwa wametoa kwa furaha. Wengine walilia walipokuwa wakitoa.

Sikuzigusa fedha zile. Niliandika barua ya udhamini, mwenyekiti wa jumuiya akatia saini, nami nikatia saini, mwili ukatoka alasiri ile. Msalaba nao ukachongwa, ukatundikwa, ni mzuri sana. Wiki hiyo Ijumaa niliongoza Njia ya Msalaba kama kawaida. Tulipofika kituo cha kumi na tatu, Yesu anashushwa msalabani, sauti ilinikwama, na waamini wakadhani ni ibada.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kuna uhusiano gani kati ya msalaba ule juu ya dirisha na dirisha lenyewe. Hapo ndipo nilipomrudia mtakatifu mmoja ambaye seminarini tulimpita haraka, Camillus de Lellis.

Camillus alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia. Hakuwa mtoto wa sakristia. Alikuwa askari wa kukodiwa kama baba yake, mrefu kupita kiasi, mgomvi, na mcheza kamari aliyewahi kupoteza mpaka shati lake. Alikuwa na kidonda mguuni ambacho hakikupona maisha yake yote. Kidonda hicho kilimpeleka Roma, hospitali ya San Giacomo iliyopokea wagonjwa wasiotibika, akawa mgonjwa na mtumishi humo humo, mpaka akafukuzwa kwa sababu ya karata. Aliongoka Februari 2, 1575, akiwa kibarua wa ujenzi kwa Wakapuchini. Wakapuchini nao walimpokea, kidonda kikafumuka, wakamrudisha. Akaenda tena San Giacomo, na safari hii wakamfanya msimamizi wa hospitali.

Hilo lilinishangaza nilipolisoma upya. Tumezoea kumchora akiwa amemkumbatia mgonjwa, tunasahau kwamba alikuwa pia mtu wa stoo, mishahara na mahesabu, kama sista yule. Na kutoka kwenye kiti hicho aliona jambo: wagonjwa maskini walikuwa wanahudumiwa na vibarua waliokuwa pale kwa ajili ya ujira tu, na ujira ukiwa mdogo mgonjwa ndiye anayelipia. Analala katika uchafu wake, chakula kinaliwa na wengine, wapo waliotupwa kwenye chumba cha maiti kabla hawajakata roho. Mwaka 1582 akapata wazo la kukusanya watu watakaohudumia wagonjwa kwa upendo, si kwa mshahara.

Wakubwa wa hospitali wakamtilia shaka, wakahisi anataka kuiteka hospitali. Kile chumba kidogo ambamo yeye na wenzake walikuwa wanasali kikavunjwa. Camillus akaichukua sanamu ya Msulubiwa iliyokuwa humo, akaibeba mpaka chumbani kwake, akalala amevunjika moyo. Mapokeo ya shirika lake yanasimulia kwamba Msulubiwa alimwambia asiogope na aendelee, kwa sababu kazi ile haikuwa ya Camillus bali ya Msulubiwa mwenyewe, na kwamba mara nyingine aliitoa mikono yake kwenye misumari kumwelekea. Sanamu hiyo iko mpaka leo Roma, katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena.

Msomaji yuko huru kulipokea simulizi la mikono kwa kadiri ya imani yake. Mimi linanitosha lile jingine: kwamba mtu aliyeambiwa kazi si yake hakukaa chini. Mwaka 1584 alipewa upadri, mwaka 1586 Papa Sisto V akakubali shirika lake na kuwaruhusu wavae msalaba mwekundu kifuani. (Watu huchanganya msalaba huo na ule wa magari ya msaada. Ule mwingine ulikuja karibu miaka 300 baadaye.) Mwaka 1591 likawa shirika kamili la kitawa, na kwa nadhiri tatu za kawaida wakaongeza ya nne, ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Wengi walikufa kwa tauni. Camillus aliwaita wagonjwa mabwana zake, alipiga magoti kando ya vitanda vyao. Katika kanuni aliwataka wenzake wamhudumie kila mgonjwa kama mama anavyomhudumia mtoto wake wa pekee akiugua. Alikufa Julai 14, 1614. Wanawe wapo hata jirani zetu Kenya, wana hospitali huko.

Oktoba mwaka 2025 Papa Leo XIV alimtaja Camillus katika wosia wake wa kwanza, Dilexi te, unaohusu upendo kwa maskini. Wengi waliusoma kama wosia wa kuhimiza sadaka. Nadhani unagusa mbali zaidi. Papa anawaweka wagonjwa maskini na Kristo aliyejifanya maskini pamoja, kiasi kwamba huwezi kumpenda mmoja huku umempa mwingine kisogo.

Lakini kuna jambo ambalo Camillus analifichua na hatulipendi, nalo ni fedha. Upendo wake haukuondoa gharama. Shirika lake lilielemewa na madeni, na mwaka 1607 aliacha uongozi. Mikate, shuka na dawa zililipwa na mtu fulani. Hata kwetu zililipwa. Tulipokuwa wadogo tulitibiwa misheni kwa fedha kidogo, wakati mwingine kwa kuku, na hatukujua ni nani anafidia. Walikuwa wakulima na wafanyakazi wa Ujerumani, Uswisi, Uholanzi na Italia, wamekaa katika Kwaresima yao mbele ya Msulubiwa wao, wakitumbukiza sarafu kwenye kisanduku cha misheni. Ibada yao kwa Msulubiwa ndiyo iliyotoa maiti za babu zetu hospitalini bila bili.

Watu hao wamekwisha. Makanisa yao yamepungukiwa waamini, masista wao wazee wamerudi kwao kuzikwa. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lao la USAID likawa limefungwa. Zahanati na hospitali nyingi za makanisa zilizokuwa zikitoa huduma za UKIMWI kwa fedha hizo zikajikuta zinapunguza watu. Serikali yetu kwa upande wake ilianza sera ya uchangiaji mwaka 1993, ikiweka msamaha kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee wasiojiweza. Hospitali zetu nyingi zina mikataba na halmashauri ili makundi hayo yahudumiwe, lakini fedha za mikataba haziji kwa wakati, na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri robo ya mwaka wa fedha.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema na nimelihimiza altareni. Hata hivyo, bima si kadi. Majirani zetu Kenya walibadilisha mfuko wao wa NHIF kuwa SHA Oktoba 2024, na hospitali za makanisa zikaendelea kulalamikia malimbikizo ya madeni. Kadi ikitolewa na hospitali isipolipwa, dirisha litarudi kuwa lile lile.

Kuhusu maiti, viongozi wa Serikali wametamka zaidi ya mara moja kwamba zisizuiwe kwa sababu ya deni. Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuia hospitalini akina mama waliojifungua kwa kushindwa kulipa ni kuvunja Katiba. Naunga mkono matamko hayo bila kusita. Mwili wa mtu si rehani. Ikiwa Pilato hakuufanya rehani, hospitali yenye jina la mtakatifu mlangoni haiwezi. Ila naomba tusijidanganye kwamba tamko linalipa mishahara. Anayetoa amri mwili utoke bila kusema nani atafidia, amemwachia sista lile faili.

Hapa ndipo narudi kwenye mninga. Nilikuja kupiga hesabu iliyoniumiza. Wakati ule, chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Fedha za msalaba wetu zingetosha kaya 106. Sina hakika kama marehemu yule angekuwa miongoni mwao, lakini jumuiya yake yote ingekuwemo, na nafasi zikabaki.

Najua kuna mtu alishawahi kupiga hesabu ya namna hii. Kesho, Jumatatu Kuu, tutamsikia katika Injili ya Yohane: Yuda akilalamika kwamba marhamu ya Mariamu wa Bethania ingeuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Na Yesu akamtetea mwanamke. Kwa hiyo simwambii mtu auze msalaba wa kanisa lake. Mariamu alimpaka Bwana kwa ajili ya maziko yake, alifanya kwa mwili hai kile ambacho wengine wangekimbilia kufanya ukishakufa. Maskini anahitaji vyote, mkate na uzuri, na mjane yule alikuwa ametoa shilingi 2,000 kwa msalaba ule. Lakini Yuda alikosea kwa sababu hakuwajali maskini wala hakumjali Bwana. Sisi kosa letu ni jingine: tunampaka mafuta Bwana wa mbao, yule wa wodini tunamwachia mhasibu.

Hata desturi zetu za michango zinatushtaki. Kadi ya harusi ikija, mtu hatoi chini ya elfu hamsini, na akichelewa anapigiwa simu na mweka hazina. Mtu akifa, jioni ile ile kamati inaundwa, maturubai, viti, chakula, gari, sare. Mtu akiwa anaumwa, jumuiya inakwenda kumsalimia na sukari kilo moja. Tunachanga sana kabla ya ndoa na baada ya kifo. Katikati, pale penye bili, tunasali.

Parokia ninayohudumu sasa tumejaribu jambo dogo, na nalieleza na kasoro zake. Kila jumuiya inatenga sehemu ya mchango wa mwezi kwa ajili ya bima ya kaya zisizojiweza, na kaya hizo zinatajwa na jumuiya yenyewe, si na padri, kwa sababu padri hudanganywa kirahisi. Pia tunapokea kutoka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya karibu orodha ya madeni ya maskini, bila majina, kiasi tu na wodi. Mwaka wa kwanza jumuiya tatu zilikataa kabisa. Moja ilitaja kaya ya mjumbe wao mwenye duka. Kuna mwezi mfuko ulikuwa na shilingi 38,000 tu, na mwezi huo alikufa mtoto kwenye orodha.

Kilichobadilika ni kwamba wapo waamini wenye uwezo, wawili watatu, walioanza kufanya kazi ya Yusufu wa Arimathaya. Mmoja ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi asiyependa kusali rozari hadharani. Akipigiwa simu anafunga duka, anakwenda hospitalini, anakaa na mhasibu, anaomba punguzo, analipa kinachobaki au anaweka saini yake. Familia ingekwenda peke yake ingeambiwa irudi kesho. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini hakutoa tu fedha akanikabidhi mimi. Akasema, "Baba, wakiniona mimi wanajua nitarudi kuuliza."

Kuhusu yule mjane wa kwanza: deni nililolidhamini lilichukua miezi 14. Niliahidi parokia ingelipa, na kwa aibu nasema parokia ililipa karibu nusu. Iliyobaki aliilipa yeye kwa maandazi, elfu kumi, elfu kumi na tano, na nilijua siku aliponiletea stakabadhi ya mwisho.

Alhamisi Kuu jioni, katika Misa ya Karamu ya Bwana, Misale inaruhusu waamini waandamane kuleta vipaji kwa ajili ya maskini pamoja na mkate na divai, usiku ule ule Bwana anapowaosha miguu wanafunzi wake. Parokia nyingi hatufanyi, tunaona Misa ni ndefu mno. Ijumaa Kuu sadaka yetu, kama kila mwaka, inakwenda kutunza Nchi Takatifu, na iende huko. Ya Alhamisi ni ya hapa. Kwetu kikapu kitakuwa mbele ya altare, na orodha ya wodini imekwisha kuja: madeni tisa, dogo kabisa shilingi 46,000, kubwa shilingi 1,310,000, mmoja wao yuko mochwari tangu Alhamisi.